Mwaka Niliohesabu Vidoa vya Buluu

Nabwire alinipigia simu mwezi wa Juni, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke mzee, hata kwa muda sikuamini kwamba ni yule msichana wa miaka tisa aliyekuwa akiniletea maji ya kuoga Busia. "Shangazi Wakesho," alisema, "Mama ametuacha. Tunamzika Jumamosi." Mimi sasa nina miaka themanini na miwili na magoti yangu hayataki safari, lakini nilikwenda. Kwenye mazishi walinipa nafasi ya kusema. Mshereheshaji alinitambulisha kuwa mtu wa hospitali aliyepata kuishi na familia hii mwaka mmoja, zamani. Nikasimama, nikasema marehemu alikuwa mkarimu, na kwamba tangu niondoke sijapata kuonja ugali wa wimbi kama wake. Watu wakaitikia, nikakaa. Kila nililolisema lilikuwa kweli, lakini nilijua nimelikwepa lile lililonipeleka pale. Lipo jambo ambalo marehemu hakulijua mpaka anaingia kaburini, na aliyelijua pamoja nami alikwisha kufa siku nyingi. Nimebaki nalo peke yangu, na mtu wa umri wangu hana muda wa kusubiri aulizwe.

Nilifika Busia mwanzoni mwa mwaka wa sitini na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka milima ya Taita, na kazi yangu ilikuwa kutazama damu. Utafiti mmoja wa malaria ulikuwa ukifanyika pande zote mbili za mpaka. Maabara yake kubwa ilikuwa Tororo, na mimi nikapewa chumba kimoja katika zahanati ya Busia, hadubini moja, chupa za dawa ya rangi na sanduku la mbao la kuwekea slaidi. Asubuhi nilidunga vidole vya watoto, mchana nilitazama damu yao, jioni niliandika. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Sokoni watu walisemezana Kisamia, Kiteso na Kidhopadhola, na nilipowakaribia waligeukia Kiswahili chao cha mpakani kama mtu anayevaa viatu kwa ajili ya mgeni. "Wewe nataka nini?" mwenye samaki aliniuliza siku ya kwanza. Nikamjibu kwa Kiswahili cha shuleni, sentensi nzima na viungo vyake vyote, naye akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu nasema kama redio." Wakacheka bila ubaya wowote. Lakini nilipofika chumbani niligundua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote wiki ile.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Fundi Wandera, upande wa Kenya, hatua kama mia mbili kutoka mpakani. Kitanda cha kamba, meza, msumari wa kutundikia gauni. Ukuta uliokitenga na jiko ulikomea kwenye boriti, na juu yake moshi, harufu na maneno vilipita bila kubisha hodi. Fundi Wandera alikuwa mtu wa betri. Malori yaliyotoka pwani kwenda Kampala yakifika Busia na betri zimekufa, madereva walimwita yeye. Alizifungua, akamwaga maji makali yaliyomo, akatoa sahani za risasi zilizochakaa, akaziyeyusha katika chungu cha chuma juu ya tanuri lililokuwa nyuma ya nyumba, akasubu sahani mpya. Risasi iliyobaki aliifanya chubwi, vile vipande vizito vya kuzamishia nyavu, na wavuvi wa ziwani walivifuata kwake kwa baiskeli. Alikuwa na vibarua wawili, na alikuwa na fahari ya mtu anayefufua vitu. Hakuna kilichotupwa katika boma lile. Vile vibao vyembamba vinavyotenganisha sahani ndani ya betri, mkewe, Mama Nabwire, alivianika juani akawashia jiko. Mvua zilipoloweka kuni, alivunja hata yale makasha meusi ya betri akayachoma. Yaliwaka kwa moto mkali wenye moshi mzito, na ugali uliiva upesi.

Mkataba wangu ulikuwa wa chumba tu. Lakini jioni ya tatu Mama Nabwire alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akasema, "Mtoto wa watu hawezi kula mkate mkavu nyumbani kwangu nikaitwa mama. Njoo." Tangu siku hiyo nilikula kwao. Tuliketi kuzunguka jiko, samaki aina ya ngege wa kukaushwa katika mchuzi wa simsim, ugali mweusi wa wimbi na muhogo, mboga chungu alizozichuma nyuma ya tanuri. Nabwire alinisimulia habari za shule. Mdogo wake, Egesa, alikuwa na miaka minne na hakuweza jina langu zima, aliniita Kesho. Nikiingia kutoka kazini alipiga kelele, "Kesho amekuja leo!" na sote tukacheka, kila siku, kana kwamba ndiyo kwanza tunalisikia. Leo nikiulizwa nilipata kuwa na furaha wapi nilipokuwa kijana, nasema pale, kwenye moshi ule. Na ndiyo maana yaliyofuata ni magumu kuyaandika.

Mvua za Machi zilipoanza, Egesa alibadilika. Alishika tumbo akalia, siku nzima, kisha hakulia bali alikaa tu akitazama ukuta. Alikataa chakula. Akawa mweupe ndani ya kope, na alipotembea alijikwaa mahali pasipo na kitu. Zahanati ilimpa dawa ya malaria, halafu dawa ya minyoo, halafu tena ya malaria. Mama mkwe wa Mama Nabwire alikuja akasema kuna jicho la jirani. Mimi nilimdunga kidole kama nilivyodunga watoto wengine wote, nikaipaka damu yake kwenye slaidi, nikaitia rangi. Sikuona mdudu wa malaria hata mmoja. Niliona kitu kingine: ndani ya chembe nyekundu mlikuwa na vidoa vidogo vya buluu, vingi, kama mtu amenyunyiza wino kwa ncha ya brashi. Nikadhani dawa yangu imeharibika. Nikachanganya mpya, nikarudia, nikalinganisha na damu ya mtoto aliyeletwa kutoka mbali asubuhi ile. Ya mgeni ilikuwa safi. Ya Egesa ilikuwa na vidoa.

Nikapanda basi la asubuhi kwenda Tororo, slaidi zimefungwa kwenye leso ndani ya mkoba. Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Ochwo, Mjapadhola wa Petta, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa ametazama damu tangu kabla sijazaliwa. Aliinamia hadubini yake, dirishani ule mwamba mkubwa wa Tororo umesimama nyuma yake, akazipitia slaidi zote, moja baada ya nyingine. Kisha hakuniuliza mtoto anaumwa nini. Aliniuliza, "Baba yake nafanya kazi gani?"

"Ni fundi wa betri."

"Basi." Akavua miwani. "Hii ni risasi, binti yangu. Madini. Naingia na moshi, na vumbi, na mkono mchafu, na chakula. Mkubwa inamkamata tumbo na mikono. Mtoto inamkamata kichwa." Akafungua kitabu kikubwa, akanionyesha mchoro: vidoa vilevile. Nikamwambia kwamba sisi tumetumwa malaria tu. Akatikisa kichwa. "Ndiyo, hii hakuna mtu ametutuma. Lakini wewe umeona. Mtu akishaona, ameona. Mwambie mama yake, leo."

Nilirudi Busia jioni ileile nimeyapanga maneno. Mama Nabwire alikuwa ameniwekea kichwa cha samaki, sehemu anayopewa mtu wa heshima, chini ya sahani iliyofunikwa. "Umechoka," alisema. "Kaa." Nikakaa. Egesa alikuja akalala mapajani mwangu, mzito na wa moto. Moto wa jiko ulikuwa wa vibao vya betri. Niliutazama nikijua sasa ni nini, nami nikala. Sikusema. Nilijiambia nitasema kesho, nikishapima mara nyingine. Nikapima mara nyingine. Nikajiambia labda ni maji, si jiko, nikangoja. Wiki tatu zilipita hivyo. Nimekuwa na miaka sitini ya kutafuta jina la kungoja kule, na nimejaribu kusema ulikuwa uangalifu wa kazi. Haukuwa uangalifu. Nilijua nikifungua mdomo nitakuwa nimesema kwamba jiko lao ni sumu na mikono ya baba inaua, na hakuna nyumba inayokaribisha mtu wa namna hiyo mezani. Sikuwa na mahali pengine pa kula. Hilo tu. Nilimwacha mtoto avute moshi wiki tatu kwa sababu nilikuwa mpweke.

Nilisema siku Egesa aliposhindwa jina langu. Niliingia, akanitazama, akafungua mdomo, akalitafuta, akalikosa. Nikatua mkoba nikawaambia, wote wawili wakiwapo, kwamba mtoto ana risasi katika damu.

Mama Nabwire aliruka akamvua Egesa shati, akamgeuza mgongo, akamgeuza kifua. "Risasi? Nani amempiga? Wapi? Sioni kidonda!"

Lugha yetu ina neno moja kwa yale mawili, la bunduki na lile la chunguni. Ilinichukua muda kumwelewesha, naye alipoelewa aligeuza uso polepole kuelekea nyuma ya nyumba, lilipo tanuri. Fundi Wandera hakuwa na haja ya kueleweshwa. "Nimeshika risasi miaka kumi na miwili," alisema. "Nitazame, binti. Nimekufa?" Akanyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe cha chai, na mkono ukainuka hadi kwenye kifundo, lakini kiganja kikaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Alikuwa akituambia kila mara kwamba aliutegua kwenye lori. Akatumia mkono wa kushoto. Alipofungua mdomo kunywa niliona kwenye ufizi, juu ya meno, mstari mwembamba wa rangi ya jivu la buluu, kama ulivyoelezwa katika kitabu cha Bwana Ochwo. Tukamaliza kula. Nilipoingia chumbani, nikamsikia Fundi kupitia juu ya ukuta, wala hakujaribu kupunguza sauti: "Huyu binti anakula chakula chetu, kisha anatuhesabu damu." Na Mama Nabwire akajibu, "Kama hesabu yake ni kweli?" "Na kama ni kweli, tutakula nini?" Baada ya hapo nikasikia sufuria zikioshwa.

Mama Nabwire aliacha kuchoma vibao. Hilo nalijua, kwa sababu siku iliyofuata jiko lilikuwa la mkaa. Lakini tanuri liliendelea kuwaka hatua ishirini kutoka mlangoni. Nikamwandikia Bwana Ochwo, naye akajibu kwa mistari miwili: wakikataa neno, wapelekee hesabu, pima walio karibu, pima walio mbali, pima udongo na maji. Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilichora ramani ya mtaa kwenye karatasi ya kufungia sukari. Nikaweka tanuri katikati, nikapanga nyumba kwa umbali na kwa upande unakovuma upepo. Nilichota udongo katika chupa za dawa ukapimwe Tororo, mlangoni, shambani, barabarani. Nilichota maji ya kisima kilichokuwa bondeni, upande wa Uganda, ambako mfereji wa boma letu uliishia. Nikadunga vidole vya watoto waliocheza pale kwetu, na wa nyumba zinazopelekewa moshi na upepo, na ili nijue damu ya mahali pasipo tanuri ikoje, nikaendesha baiskeli hadi Sikuda, vijijini, nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa shule ndogo ya huko. Watoto wa Sikuda walikuwa na malaria, walikuwa na minyoo, walikuwa na upungufu wa damu kama wa Busia. Nilitazama kila slaidi mara mbili. Hawakuwa na vidoa. Wa mtaa wetu walikuwa navyo, vingi kwa walio karibu, vichache kwa walio mbali, kama rangi inavyofifia kwenye maji. Nyumba ya kwanza katika daftari langu ilikuwa ile niliyolala.

Mji mdogo hauhitaji gazeti. Vibarua wa Fundi walisema nataka wakose kazi. Mwanamke mmoja wa bondeni alikataa nisimguse mtoto wake: "Wewe naandika mtoto yangu mgonjwa, kesho nani nanunua maziwa yangu?" Wapo waliosema nimetumwa na fundi mwingine wa betri. Fundi Wandera hakunifukuza. Aliniambia tu, akitazama viatu vyangu, kwamba shemeji yake anakuja na atahitaji chumba. Shemeji hakuja kamwe. Nikahamia stoo ya zahanati, kati ya magunia ya pamba na ndoo za dawa ya mbu. Nilinunua jiko la mkaa na sufuria moja, nikajifunza jambo ambalo sikuwa nikilijua, kwamba ugali wa mtu mmoja haupikiki vizuri. Ama ni mwingi ama unaungua. Kwa miezi miwili nilisema "habari za asubuhi" na "nipe kidole" na "mwingine", na zaidi ya hapo sikumbuki nilisema nini, wala kwa nani.

Siku ya soko mwezi wa Agosti, adhuhuri, mlango wa maabara uligongwa kwa bega. Alikuwa Mama Nabwire, ambaye hatukuwa tumesemezana tangu nihame, amembeba Egesa mikononi, na mwili wa mtoto ulikuwa ukitetemeka wote, macho meupe. "Degedege," alisema. "Haijaachia tangu barabarani." Dereva wa lori la mbao alitupakia bila kuuliza kitu. Tororo, hospitalini, daktari aliposikia neno risasi kutoka kwangu, na Bwana Ochwo akaja mwenyewe na zile slaidi, aliagiza sindano ya dawa ambayo ilibidi iletwe kutoka mbali, na wakati tukiisubiri mtoto alishikwa na degedege mara nyingine na nyingine. Aliishi. Nataka kulisema hilo wazi. Egesa aliishi, na yuko hai leo, mzee wa miaka sitini na kitu, anafuga mbuzi na anawajua wote kwa sura. Lakini shule ilimshinda darasa la pili, na sentensi zake hazizidi maneno matatu. Madaktari niliowauliza baadaye waliniambia hakuna anayeweza kusema ni siku gani ya moshi iliyomharibu. Wanadhani wananifariji.

Tulikaa kwenye benchi la wodi siku nyingi, mama yake na mimi, tukigawana viazi vitamu kwenye jani la mgomba. Hakunilaumu wala kunishukuru. Siku moja aliniuliza, bila kugeuza shingo, "Wale watoto wa Sikuda. Uliwadunga wote?"

"Shule nzima."

"Na hakuna hata mmoja?"

"Hakuna hata mmoja."

Alimenya kiazi mpaka mwisho. "Kwetu ni Sikuda," akasema. "Akitoka hapa, sirudi Busia."

Na hakurudi. Alimchukua Egesa kutoka hospitali na Nabwire kutoka shule akaenda Sikuda kwa baba yake mzazi, mwanamke aliyeolewa kanisani, na hilo halikuwa jambo dogo. Ukoo wa Fundi ulikaa vikao. Walisema ameharibiwa kichwa na msichana wa zahanati asiye na mume. Alijibu, kama nilivyosimuliwa, kwamba atarudi siku ambayo hakuna moshi. Nami ripoti yangu, ile niliyoiandika kwa mkono nakala tatu pamoja na ramani, nilikuwa nimeipeleka kwa ofisi za pande zote mbili. Upande mmoja ulijibu kwamba kisima kiko ng'ambo. Upande wa pili ulijibu kwamba tanuri liko ng'ambo. Barua zote mbili zilikuwa za heshima, zimepigwa chapa vizuri.

Jumapili moja ya Septemba, watu wakiwa kanisani na nyimbo zikisikika mpaka kwenye stoo, nilijidunga kidole. Sijui kwa nini sikuwa nimefanya hivyo mapema; nadhani mpimaji hujiona yuko nje ya ramani. Nilitia rangi, nikangoja ikauke, nikainama. Vidoa havikuwa vingi. Ilinibidi nisogeze kioo kwa muda kabla ya kuona cha kwanza, halafu nikaona cha pili. Niliviandika daftarini chini ya jina langu, na katika safu ya umbali kutoka kwenye tanuri nikashindwa kujua niandike nini. Nilitamani kumwambia mtu. Nikaosha vioo, nikavipanga, nikakaa kwenye gunia la pamba mpaka nyimbo zikaisha.

Fundi Wandera alikuja mwezi wa Novemba. Wagonjwa walikuwa wamekwisha, mimi nafunga madirisha. Alikuwa amekonda, kofia mkononi, mkono wa kulia ameutia mfukoni ili usionekane. "Nidunge," alisema. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto. Tulingoja rangi ikauke, kisha akaomba aone mwenyewe. Nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Nilidhani ni kitu kikubwa. Kitu chenye meno." Akainuka. "Ya mtoto unayo?"

Nikamtolea. Aliitazama kwa muda mrefu zaidi, na pumzi yake ilitia ukungu kwenye chuma cha hadubini. Kisha akaona slaidi iliyokuwa kando yake katika sanduku, akauliza ni ya nani.

"Yangu."

"Wewe hukugusa betri hata siku moja."

"Nilikula kwenu, Baba Nabwire."

Alikaa chini, sakafuni kabisa, mgongo ukutani, mwanamume mzima mwenye heshima zake. Nilidhani atalia lakini hakulia. Aliniuliza ni lini niliviona vidoa kwa mara ya kwanza katika damu ya Egesa. Nikasema Aprili, mwanzoni. Akasema, "Ulituambia Aprili inakwisha." Nikasema ndiyo, wiki tatu. Akauliza kwa nini, nami nikamwambia, kwa sababu hakuna jibu jingine lililokuwepo: niliogopa kukosa mahali pa kula. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Fundi aliigeuza kofia mapajani. "Mwaka juzi bata wangu walikufa," alisema. "Wale waliokuwa wakinywa kwenye mfereji. Shingo zililegea kama kamba. Nilijua ule si ugonjwa wa bata. Niliwafukia mwenyewe ili mama watoto asione, nikarudi kwenye chungu." Akaiweka kofia sakafuni. "Mwaka mzima na zaidi, binti. Sasa wewe na wiki zako tatu, mimi na mwaka wangu. Mama watoto usimwambie. Wala mimi sitamwambia. Ana mzigo wa kumtosha." Nilikubali. Wakati ule niliona ni huruma kwake. Siku hizi sina hakika ilikuwa huruma kwa nani, maana Mama Nabwire alikuwa mtu wa kustahimili ukweli kuliko sisi wawili.

Wiki iliyofuata alilivunja tanuri kwa nyundo, kwa mkono wa kushoto, na vibarua wakimtukana. Chungu na risasi iliyobaki aliuza kwa mtu wa mbali. Nilimwomba asiuze, na hilo hakunisikiliza. Akaanza kutengeneza baiskeli. Mwanzoni mwa Desemba Mama Nabwire alirejea na watoto, akaingia bila sherehe, akafagia nyumba siku mbili kwa maji, kama nilivyomwelekeza, asitimue vumbi. Nami barua yangu ya uhamisho ilikuwa imefika. Utafiti ulikuwa unahamia kwingine.

Nilikwenda kuaga asubuhi. Mama Nabwire alikuwa nyuma ya nyumba, amesimama ukingoni mwa kile kiwanja cheusi lilipokuwa tanuri, jembe begani. Ardhi ilikuwa imenyeshewa na ilionekana laini. "Hapa pana rutuba ya majivu," alisema. "Nipande kunde?"

"Usipande."

"Mwaka huu?"

"Wala mwakani."

"Mpaka lini?"

Nilikuwa na daftari lililojaa. Nilijua nyumba ipi iko hatua ngapi, nilijua upepo wa Februari na wa Agosti, na katika yote hayo hamkuwa na hesabu ya miaka. Nikamwambia kwamba risasi haiozi, haimalizwi na mvua, na kwamba sisi tutakufa, na watoto wake watazeeka, nayo itakuwa palepale. Alitua jembe. Alitazama kiwanja kama mtu anayetazama mgeni ambaye hataondoka. Kisha akamwita Nabwire, akamshika mkono, wakakizunguka pamoja, hatua kwa hatua, pembe hadi pembe, mama akichoma kijiti ardhini kila walipogeuka.

"Mpaka hapa," alimwambia. "Hapalimwi, hapachimbwi, kuku wasichakure. Ukizaa, umwambie mtoto wako, naye amwambie wake."

"Kwa nini?" Nabwire akauliza.

Mama Nabwire alinigeukia. "Mweleze wewe uliyesoma," alisema. "Lakini kwa maneno ambayo atayakumbuka akiwa bibi."

Nikaweka mkoba chini, nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikaanza kumweleza.